Mkono Begani kwa Baba

Mirongo,
Mwanza.
22 Februari 2026

Mpendwa mdogo wangu Alexander,

Marahaba. Naitikia mapema, maana shikamoo yako siku hizi inachelewa njiani. Hujambo? Wifi na watoto nao? Nasikia baridi ya Kanada mwaka huu ni kali. Natumaini inakufikia vizuri. Mimi ni mzima, ni presha tu inapanda na kushuka. Mvua zinanyesha, na Mto Mirongo umeturudishia taka zetu zote mlangoni.

Uliniomba niipitie makala uliyoandika kuhusu baba kwenye ile kamusi elezo ya mtandaoni, nikurekebishie makosa. Nimeipitia. Kiswahili kizuri, hongera. Baba mwenyewe ndiye sikumwona.

Umeandika kwamba boti ya doria ya Luteni Severine Byabato ilipolipuliwa ziwani wakati wa Vita vya Kagera, alipiga mbizi akawaokoa wenzake. Alex, baba yetu hakujua kuogelea. Alikuwa mwanajeshi wa majini, ndiyo, lakini kivuko cha Kigongo alikuwa anakivuka amefumba macho, rozari mkononi. Yeye ndiye aliyeokolewa, na miguu yote miwili ikabaki ziwani. Nilirekebisha, wewe ukapunguza ikawa "alijeruhiwa". Sawa.

Halafu ukasema baada ya vita "aliishi kwa utulivu jijini Mwanza". Huo utulivu ulikuwa unabebwa mgongoni na mama. Mama Kokugonza ndiye aliyemwogesha na kumgeuza kitandani asipate vidonda, akitoka hapo anakwenda kuuza dagaa ili wewe usome. Na hukutoka tumboni mwake. Leonsia alikuzaa, akakuacha kwetu ungali unanyonya, hakurudi hata kuuliza kama umeota meno. Leo kwenye makala Leonsia ndiye mke, tena "mwalimu". Na mstari wa mwisho unasema baba "ameacha mtoto mmoja", ambaye ni wewe. Nimejitazama kwenye kioo, nipo.

Nikaongeza sentensi moja tu, kwamba mke wake wa ndoa, Kokugonza, alimuuguza mpaka siku ya kufa kwake. Ukaifuta. Nikairudisha, ukaifuta tena na kuandika, "Haina chanzo." Mtu aliyekutafunia chakula ukiwa huna meno, unamdai chanzo! Najua, muuza dagaa ananuka, hapendezi kukaa karibu na Luteni.

Mama alikuwa ananiita kila jioni nimsomee. Anasikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza, "Mimi sijafikiwa bado?" Nikimwambia bado, anasema, "Alex wangu hajamaliza huyo. Ana kazi nyingi, tusimharakishe." Nilitaka kumwambia ukweli nikashindwa, na kwa hilo nakuchukia kuliko kwa mengine yote.

Sasa ile picha. Nyumbani ilikuwa hiyo moja tu, baba kwenye kiti na sare zake, mama amesimama pembeni amemshika bega. Ulisema unaitaka yenyewe, nakala haifai, nikampa Getruda wa jirani akuletee aliposafiri kuja huko. Ukamkata mama kwa mkasi. Nusu yake ukairudisha kwenye bahasha kama chenji, na kwenye kamusi baba ana mkono wa mtu begani, mwenyewe haonekani.

Alex, mama amefariki. Tumemzika Jumamosi iliyopita kule Muleba, ubavuni kwa baba. Sikukupigia simu, na ndugu nao niliwakataza. Ulijua anaumwa.

Wasifu wa marehemu niliuandika mimi. Mama mdogo Sabina aliupitia kabla haujasomwa, akaniuliza, "Modesta, mbona Alex hayumo? Si ndiye dada yangu alimlea mgongoni?" Nikamjibu kwamba hilo halina chanzo. Hakunielewa, akalia. Katekista akasoma mbele ya watu wote, jeneza likiwa bado juu, "Marehemu ameacha mtoto mmoja, Modesta." Maneno ni yako, mimi nimenakili tu.

Juu ya jeneza tuliweka ile nusu uliyoirudisha, maana nyingine hatuna. Watu walipita kuaga, na karibu kila mmoja aliniuliza kwa nini mama kwenye picha hana kiganja cha kulia. Niliwaambia kipo Kanada.

Mama mdogo Sabina anakusalimia, na mwanawe Revocatus pia. Wao bado wanakutaja. Msalimie wifi, wabusu watoto. Mungu awakuze, na siku moja waandike habari zako kwa huruma zaidi kuliko ulivyoandika wewe.

Kwenye makala yako sina la kurekebisha tena, ila chini ya picha andika ule mkono ni wa nani. Ukitaka chanzo ninacho. Nimeuzika mwenyewe.

Dada yako, aliyekuwa akikupenda,
Modesta