Fainali Wanataka Niisikilizie Kwenye Gari

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako upesi maana fainali ni Jumamosi na nyumbani kwangu sina wa kumlilia, wote wameungana dhidi yangu. Mimi ni shabiki wa Kambare, timu yetu ya besiboli hapa mjini, tangu marehemu baba alipokuwa akinibeba mabegani kwenda uwanjani, na unajua mwenyewe walivyotuaibisha miaka yote, mpaka watu wa ng'ambo ya mto wakawa wanatuuliza kama wachezaji wetu wanajua gongo linashikwa upande gani, na mwaka huu mpaka Juni tulikuwa mkiani kama kawaida. Basi siku moja tunatazama kwenye televisheni, raundi ya mwisho, tumeachwa mbali, nikashuka zangu chini kutoa nguo kwenye mashine, mara nasikia kelele, mpigaji wetu kaupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja, napanda ngazi mbio, shemeji yangu Gus akanizuia mlangoni: "Shemeji, usiingie! Baki huko huko na soksi zako!" Tukashinda. Kesho yake wakaniteremsha tena, tukashinda tena, na tangu hapo Kambare hawashikiki, mji mzima unavaa kofia nje-ndani ili bahati isikimbie, na mimi msimu wote nimeusikilizia kwenye chumba cha kufulia, nafua mpaka nguo safi.

Sasa fainali inachezwa hapa hapa kwetu na mume wangu Merle kanunua tiketi mbili, nikadhani kakosea kuhesabu, kumbe ni yake na ya Gus. "Wewe utakaa kwenye gari, mpenzi," ananiambia kwa upole kabisa, "redio ipo, na blanketi nimekuwekea." Nikamwambia, Merle, siku hii nimeingoja maisha yangu yote! Akajibu, "Sasa unataka uiharibu?" Na kinachonitesa, Mshauri, ni kwamba hata mimi naamini. Nikiingia tukafungwa, nitajilaumu mpaka kufa. Nikae tu kwenye gari?

Darlene

*

Darlene, pole sana. Sasa acha ujinga.

Kambare wameamka kwa sababu mwezi Julai kocha alimweka benchi yule mrushaji mvivu, akampa mpira kijana wa Nebraska ambaye wapigaji wanamwogopa kama radi. Kijana huyo hajui kama una mashine ya kufulia. Merle na Gus si wabaya, wamefungwa miaka mingi mpaka furaha yenyewe inawatisha. Hata mimi ninayekukaripia nimevaa fulana hii hii tangu Julai, na mhariri wangu amehamishia meza yake dirishani. Lakini fulana yangu haimnyimi mtu kiti.

Tiketi zimekwisha, nimeuliza. Kwa hiyo leo wakati wa chakula mwambie Merle kwamba atakayekaa kwenye gari ni Gus, ndiye aliyeanzisha haya. Akinung'unika, weka uma mezani, usimjibu neno, umwangalie mpaka akubali. Usicheke.

Unaniuliza wakifungwa je? Watafungwa mbele yako kama walivyozoea, na wewe utawapigia makofi kama ulivyozoea. Uliwapenda walipokuwa hawapendeki, mama. Ila wakishinda na wewe uko nje unasikiliza watu wengine wakishangilia, utalia kilio ambacho Merle hataweza kukinyamazisha. Ingia uwanjani.