Kete ya Kona Haiondoki

Chumba Namba 14,
Mabweni ya Mafundi.
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wote wa nyumbani. Miguu inasemaje? Mgongo je? Na macho? Nimeyaweka macho mwisho, lakini ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Mimi sijambo. Mikono tu imekuwa migumu kama kwato kwa kufunga nondo, basi usiucheke mwandiko. Unajua niliishia darasa la sita.

Barua anakuletea mchomeleaji ninayelala naye chumba kimoja, anakwenda likizo. Mpe chai, ni mtu mwema, ila usicheze naye drafti. Anaiba kete.

Jengo letu limefika ghorofa ya tisa. Mchana tunakula huko huko juu, tumekalia mafungu ya mbao, kila mtu na simu yake. Watu husema michezo ya simu ni kupoteza muda. Mimi sisemi hivyo. Nondo zinanila saa kumi kwa siku, na ile nusu saa ya kucheza na wewe ndiyo ilikuwa ikinikumbusha kwamba mimi pia ni mtoto wa mtu. Hapa kuna watu wasioelewana hata neno moja, lakini wakikutana kwenye drafti ya simu wanataniana kama waliokua nyumba moja.

Ninaogombana nao ni wenye mchezo. Kabla hujagusa kete wanakulazimisha utazame tangazo la mfalme anayezama kwenye tope, na miezi yote hii hajatokea wa kumtoa. Wanauza hadi jogoo wa dhahabu wa kumwikia uliyemfunga, na yule wa bure anawika vilevile. Na ule moto wao wa kuhesabu siku! Ukikosa siku moja unazimika, basi mtu mzima na ndevu zake anacheza akiwa na homa ili moto wa watu usizimike. Wetu ulifika siku mia mbili na kumi na nne.

Tena hawakupi nafasi ya kusahau kula kete. Tulipokuwa tukichezea vifungo kwenye kitambaa chako cha miraba, nikisahau kula ulikuwa unakiokota kifungo changu, unakipuliza, unakitupa kwenye kopo na kusema, "Mzembe hali, huliwa." Simu inakulia yenyewe. Mtu atajifunzia wapi?

Sasa nifike kwenye lenyewe. Wiki hizi tatu umenifunga mara kumi na moja mfululizo. Nilifurahi, nikawatambia wenzangu kwamba shangazi yangu kanolewa. Lakini kuna kitu kilikuwa kikinisumbua kama kijiwe ndani ya kiatu. Ulikuwa unajibu papo hapo, wewe unayecheza kati ya mshono na mshono. Jogoo hukunitumia hata mara moja. Shikamoo zangu zikawa zinajibiwa kwa kidole gumba. Halafu juzi, zamu ya tatu tu, ukaitoa kete ya kona ya nyuma. Shangazi! Wewe uliyenifundisha kwamba mlango hauachwi wazi, kwamba kete ya kona haiondoki mpaka mwisho!

Nikamwonyesha dereva wa winchi, tunayemwita Mwanasheria kwa kuwa hasaini kitu bila kusoma. Akatazama, akacheka mpaka chai ikamtoka puani.

"Bwana wee, unapigwa na mashine, halafu unaiamkia!"

"Mashine gani? Si hili jina lake, na picha yake na cherehani?"

"Soma hapa chini, mpwa wa mashine."

Nikasoma. Wameandika kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa kwamba mwenzako asipoonekana, wao huweka kompyuta icheze kwa jina lake, ili usiondoke. Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Wiki tatu nimekuwa nikikusalimia, na wewe hukuwepo.

Simu inahifadhi michezo ya zamani. Nikarudi nyuma hadi ule wa mwisho uliokuwa wako kweli. Ulicheza zamu yako, kisha ukaniandikia, "Mzembe, leo miraba inacheza yenyewe." Nami nikakujibu kwamba anayeshindwa hakosi sababu. Nisamehe, Shangazi. Nikipiga simu binamu anasema umelala. Siku ile uliyopokea ulisema hujambo, lakini wewe hata ukiwa kwenye machela utasema hujambo. Najua pia fundi cherehani hatangazi macho yake, wateja wakisikia watahama.

Basi nimeuacha moto uzimike. Ulizimika jana, na mbingu haikuanguka. Nyuma ya karatasi hii nimechora ubao kwa rula ya seremala, kete ziko pale pale ulipoachia, kisha nimecheza zamu yangu. Mshale unaonyesha kete niliyosogeza. Katika zamu hiyo nimefanya ule uzembe wangu wa zamani, makusudi: kuna kete yangu ilitakiwa kula, ikaacha. Sikwambii ni ipi. Wala usimuulize binamu.

Ukiiona, ifute, ipulize, ucheze yako, kisha umpe mchomeleaji karatasi mwisho wa mwezi. Usipoiona, usione aibu, rudisha karatasi ilivyo. Nimeshamwambia msimamizi kwamba huenda nikaomba ruhusa, nije nikushike mkono twende kwa daktari wa macho. Siku yangu ya kwanza ya shule ni wewe uliyenishika wangu.

Nisalimie Baba Mkubwa na baiskeli yake isiyotaka kufa. Nisalimie Mama Mdogo. Binamu mwambie sikumkasirikia, najua kaagizwa na nani. Mungu akupe siku ndefu na uzi usiokatika.

Kete yangu ya kona sijaigusa. Zamu yako.

Ni mimi mwanao, nikupendaye,
Mzembe