Mstari wa Tisa

Jumatatu, 2 Septemba

Basi nimeanza chuo. Miaka hamsini na mbili, kitambi, miwani ya kusomea, na begi la shule alilonichagulia mke wangu — jekundu! Mlinzi wa getini kanipigia saluti, akaniita Mhadhiri. Sikumsahihisha. Mtu hapati saluti kila siku.

Darasani tuko thelathini na mmoja. Tunasomea ufundi wa vifaa vya hospitali: mashine za presha, mizani, pampu. Binti niliyekaa naye, mwenye miwani mikubwa kama visahani, kaniuliza kwa adabu, Baba, umekuja kumwandikisha nani? Nikamwambia nimejileta mwenyewe. Akacheka mpaka akaona haya, kisha akaniazima rula. Siku ya kwanza, na nimesahau rula!

Aliyenisukuma huku ni Mwalimu. Ndivyo ninavyomwita mke wangu, na ndiyo kazi yake: darasa la nne, miaka ishirini na nane. Mimi ni fundi saa. Siku hizi watu wanaangalia saa kwenye simu, na simu haitaki fundi wa kuipuliza vumbi kwa mdomo. Mwalimu akasema vidole vyangu bado vizima, kilichokufa ni biashara. Akanifundisha pale mezani jikoni, miaka mitatu, mpaka nikapata cheti cha sekondari. Kila nilichoandika alikipitia kwa kalamu nyekundu. Hata karatasi ya sokoni! Vitunguu, herufi kubwa ya nini? Sijawahi kuvuka saba kwa kumi. Kumi, alisema, hawezi kumpa mtu aliyemwona akilamba sahani.

Leo ni siku ya kumi na saba yuko hospitali. Kiharusi. Mkono wa kulia hauna habari naye. Maneno yote yamekwenda, limebaki moja: "andika." Umekula? Andika. Unaumwa wapi? Andika. Muuguzi mmoja mgeni alikimbia kuleta karatasi na kalamu. Maskini, hakujua kwamba hata mto akiutaka ni andika.

Jumanne, 3 Septemba

Mlinzi kaniona kwenye foleni ya vitambulisho vya wanafunzi. Saluti imefutwa.

Mhadhiri wa mawasiliano — kijana, tai nyembamba kama utambi — katoa kazi. Ukurasa mmoja: wewe ni nani, unapenda nini, unatarajia nini mwaka huu wa kwanza. Jumatatu ijayo kila mtu anasimama mbele anausoma. Anataka ukweli, kasema, mbwembwe tuziache nyumbani.

Ukweli. Haya.

Jumatano, 4 Septemba

Nimeandika: Mimi ni fundi saa. Napenda saa. Nikachana. Nikaandika tena, nikachana tena. Binti Visahani kasema, Baba, unajitambulisha au unaungama?

Niandike hapa, ambapo hapana wa kusoma.

Nikitengeneza saa ya ukutani siirudishi siku hiyohiyo. Naitundika jikoni kwetu wiki nzima, niione inavyokwenda. Yetu naishusha, ya mteja inakaa msumarini. Ndivyo marehemu baba alivyonifundisha. Mwalimu akilalamika kila mara: nyumba ya fundi saa, na mtu hujui ni saa ngapi! Wiki ile ilikuwepo ya mama mmoja mshonaji. Ugonjwa wake, kuchelewa. Niliisafisha, nikaitundika, ikawa siku ya tatu.

Mwalimu alianguka alfajiri akichemsha chai. Nikatazama ukutani: saa kumi na moja kamili. Nakumbuka hata nilijisifu moyoni, kwamba katika kiwewe chote kile sikusahau kutazama saa. Tukaanza zahanati. Wakatuweka, wakatutazama, wakasema huyu ni wa hospitali kuu. Kutafuta gari. Tulifika saa nne kasoro robo kwa saa yao. Daktari kaniuliza ilianza saa ngapi. Nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua kazi yake: kumi na moja kamili! Akatikisa kichwa. Iko sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini mwisho wake ni muda wa saa nne na nusu tangu kiharusi kianze. Tumezidi kwa robo saa, mzee wangu. Pole.

Jioni nikarudi nyumbani kuchukua nguo zake. Redio ya jirani ikasoma habari za saa moja. Nikatazama ukutani. Saa ya mshonaji ilikuwa nyuma dakika hamsini.

Nikapiga hesabu ya kurudi nyuma, hesabu ninayoijua kuliko jina langu. Kwa mwendo wake huo, alfajiri ile ilikuwa nyuma dakika arobaini. Mwalimu alianguka saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini. Tulipofika kwa daktari zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano za sindano.

Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 5 Septemba

Shemeji, mdogo wake Mwalimu, ndiye anayeshinda naye mchana. Kaniona na begi jekundu: Karibu, mwanafunzi! Umefanya kazi ya nyumbani, au nikuitie mzazi wako? Nikamwambia mzazi wangu ndiye huyo amelala. Tukacheka wote wawili. Mwalimu naye upande mmoja wa mdomo ukapanda. Andika, akasema.

Halafu Shemeji, kwa wema kabisa, huku anakunja shuka: Afadhali ulikuwa wewe, shemeji. Mwingine angebabaika, hata saa asingetazama.

Nikatoka nje kununua maji. Maji yalikuwepo chupa mbili.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimemkamata daktari kwenye ngazi. Nikamuuliza juujuu, kama wanafunzi tunavyouliza: je, mtu angefika na dakika ishirini na tano mkononi, angechomwa ile sindano? Akasema wangejaribu. Ingesaidia? Labda ingesaidia, labda isingesaidia, hatuwezi kujua. Akanitazama. Kwa nini unauliza? Nikasema ni masomo.

Masomo! Wiki ya kwanza na nimeshadanganya kwa jina la chuo.

Nikauliza pia kama Mwalimu anaweza kusoma. Wamemwonyesha kadi — kikombe, mlango, paka — akazisukuma kando. Pengine kusoma nako kumekwenda, kasema daktari, tusubiri.

Nami, Mungu anisamehe, nilisikia nafuu.

Jumamosi, 7 Septemba

Mshonaji kapiga simu. Fundi, saa yangu inakwenda? Nikasema inakwenda, mama, ila bado inachelewa. Aa, basi kaa nayo, hapana haraka.

Nimeitoa betri. Iko kabatini, imetazama ubao.

Ukurasa umekamilika. Mistari kumi na miwili, nimeandika polepole kwa mwandiko wa darasa la nne. Wa kwanza, mimi ni nani. Wa tatu, begi jekundu. Wa tano, napenda saa, na kwa nini. Wa tisa: Nilimpa daktari saa isiyo sahihi, ndiyo maana mke wangu hakuchomwa sindano. Wa mwisho: Mwaka huu wa kwanza natarajia kupata nane.

Siwezi kuusoma mbele ya watoto wale kabla hajausikia yeye. Na kama hawezi kusoma, basi nitamsomea. Kwa sauti yangu. Haya.

Jumapili, 8 Septemba

Naandika hapahapa, kwenye kiti pembeni ya kitanda, daftari juu ya goti.

Nilianza kumsomea. Nilipofika mstari wa pili akanyoosha mkono wa kushoto, akaninyang'anya karatasi. Andika, akasema, kwa ile sauti ya darasani. Akatazama mfuko wa shati langu. Ndani imo kalamu nyekundu. Sijui kwa nini huwa natembea nayo. Nimempa.

Shemeji kamwekea sinia chini ya karatasi. Mimi nimebana pembe isiteleze.

Macho yakaanzia juu ya karatasi. Kisha kalamu ikashuka, ikaweka alama mstari wa kwanza. Nikainama. Koma! Nilisahau koma baada ya jina langu.

Shemeji kapiga kofi. Anasoma! Shemeji, anasoma! Kakimbia kumwita muuguzi, kandambili moja imebaki chini ya kitanda.

Anasoma. Nimeomba hili siku ishirini na tatu.

Mstari wa tatu. "Jekundu" nimeandika "jekudu." Kaizungushia. Upande ule mmoja wa mdomo umepanda.

Mstari wa tano hana neno. Kapitisha ncha ya kalamu chini yake, taratibu, kama anautandika.

Ningeweza kuachia ile pembe. Karatasi ingeteleza, ningesema pole, tutaendelea kesho.

Wa sita. Wa saba, koma tena. Nasikia kandambili moja ya Shemeji inakuja kwenye korido, na viatu vya muuguzi.

Wa nane. Kainua macho, kanitazama. Kayarudisha kwenye karatasi.

Pembe bado nimeibana.