Mnada wa Vitu Visivyoingia Kapuni

Mwalimu wangu mpendwa,

Shikamoo. Dada Lugano, binti yako, ameniomba nisikutumie barua nyingine. Anasema ile ya kwanza alikusomea ukiwa umekaa kwenye kiti chako barazani, na kabla hajafika ukurasa wa pili ulianza kulia. Ulilia mpaka jioni, naye hakuweza kujua unalilia nini, kwa kuwa tangu upatwe na kiharusi huwezi kumwambia. "Nakuomba, mdogo wangu," aliniambia kwenye simu. "Siyo kwamba barua ni mbaya. Ila mimi ndiye ninayebaki naye." Nimemwelewa. Kwa hiyo hii haitakufikia. Nawaachia wengine waisome, hasa wale waliowahi kufundishwa na mtu mmoja ambaye mfano wake hawajaupata tena.

Naanza na kapu, kwa sababu wewe ulianza na kapu. Nilikuwa darasa la tano, shuleni kwetu Madibira, na wewe ulikuwa umehamia muhula huo ukitokea upande wa Mbeya. Tulizoea walimu wanaoingia na fimbo au na kitabu. Wewe uliingia na kapu la ukindu, ukaliweka mezani, ukauliza nani amewahi kufika mnadani. Mikono yote ikaenda juu. Ukauliza huko kunauzwa nini.

"Ng'ombe."

"Mitumba, Mwalimu."

"Masufuria."

"Nyama choma," Yohana alisema kutoka nyuma, na darasa zima likacheka, kwa sababu tulijua Yohana huwa anaishia kunusa moshi.

Ukasema Ijumaa na sisi tutakuwa na mnada wetu. Kila mmoja alete kitu cha kuuza, sharti kiwe kitu kisichoingia kwenye lile kapu. Ijumaa ilipofika Yohana akaja anakokota baiskeli ya baba yake mpaka mlangoni.

"Mwalimu, hii haiingii."

Uliitazama baiskeli, ukalitazama kapu. "Nikileta kapu kubwa itaingia," ulimwambia. "Kaiegeshe. Mimi nataka kitu ambacho hata nikisuka kapu la ukubwa wa Madibira nzima, hakitaingia."

Tulitazamana. Aliyeelewa wa kwanza alikuwa Kabula, yule msichana wa Kisukuma ambaye familia yao ilikuja na ng'ombe kwenye tambarare za Usangu. Kiswahili chake kilikuwa kichache bado, na wavulana walikuwa wakimwambia, "Kabula, ng'ombe wanakuita," naye akiwajibu, "Na wewe ndege wanamaliza mpunga wa baba yako, kimbia." Siku hiyo alisimama, akafikiri, akasema polepole: "Nimeleta kengele. Ya ng'ombe ameuzwa. Siyo kengele yenyewe. Kulia kwake."

Wewe ulikaa. Nakumbuka hivyo, Mwalimu, kwamba hukumsifu, ulivuta kiti ukakaa kama mtu aliyefika mwisho wa safari. Kisha ukatueleza malipo. Kitu kisichoshikika hakinunuliwi kwa pesa, kinanunuliwa kwa sentensi. Anayekitaka atoe sentensi moja juu yake, sentensi ambayo hajawahi kuisikia kwa mtu. "Wakicheka, dau ni zuri," ulisema. "Wakinyamaza, dau limeshinda." Kisichopata mnunuzi kinarudi kwa mwenyewe, aende nacho nyumbani kama alivyokuja nacho. Na mnadi haruhusiwi kununua, maana atajipendelea.

"Sasa mnadi ni nani?"

Mikono mingi ilikuwa juu. Wangu ulikuwa chini ya dawati.

"Wewe, Rehema," ulisema. "Wewe unayeongea na daftari tu. Njoo hapa mbele."

Nilikuja kwa sababu kukataa kungehitaji maneno. Nikasimama, nikasema ninachotakiwa kusema, na hakuna aliyesikia. Yohana akanyoosha mkono. "Mwalimu, mnadi hana betri." Darasa likaangua kicheko. Nilitamani nirudi nyumbani nisionekane tena. Ukangoja mpaka kicheko kilipokwisha, ukasema bila kukasirika, "Basi sogeeni. Anayetaka kununua husogea."

Wakasogea. Waliacha madawati, wakaja wakanizunguka wakiwa wameinamisha vichwa ili wanisikie. Mtu mwenye sauti kubwa hawezi kujua jambo hilo likoje. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wanakuja upande wangu.

Dau la kwanza juu ya kengele ya Kabula lilisema inalia kama simu isiyo na wa kuipokea. Tulicheka. La pili silikumbuki. Kisha Yohana, huyohuyo wa baiskeli, akasema, "Asubuhi ng'ombe wengine wamesimama zizini, wanasubiri kengele itangulie."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia upepo kwenye bati. Nikasema mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, ukagonga dasta mezani vumbi la chaki likaruka, ukamalizia kwa neno la kwenu la kushukuru, "Ndaga." Kabula akamgeukia Yohana kwa uso wa mtu anayekabidhi mali.

"Umtunze," alisema. "Hapendi fimbo."

Tangu Ijumaa ile mpaka tunamaliza la saba tulinunua na kuuza. Tuliuza njaa ya saa nne. Tuliuza ukimya wa mashine ya kukoboa umeme unapokatika, wakati watu wanagundua kwamba walikuwa wakipiga kelele. Uliletwa usingizi wa mzee wa kanisa wakati wa mahubiri, na ukanunuliwa kwa vita. Mtu ambaye sitamtaja alileta aibu ya kumwita mwalimu "mama" mbele ya darasa. Wavulana walianza kuitania, ndipo wewe mwenyewe ukasogea na kutoa dau: "Siku hiyo nilirudi nyumbani nikiwa na mtoto mmoja zaidi." Darasa likanyamaza. Sikuweza kusema mara ya kwanza. Ulilazimika kugonga dasta bila mimi.

Kisha baadhi yetu tukafaulu, wewe ukastaafu ukarudi Mbeya, mimi nikaletwa sekondari Iringa. Nilidhani huo ndio mwisho wa kawaida wa mambo. Habari ya kiharusi niliipata kwa mama, mwezi wa sita, nilipofika nyumbani likizo. Mama aliposema umepoteza maneno nilimwambia yatarudi. Nilisema kwa uhakika ambao sasa unanishangaza. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mgonjwa wa namna hiyo akizungumzishwa mambo aliyoyapenda huweza kufunguka, na nani alijua ulichokipenda kuliko mimi? Njia nzima ndani ya basi, mama akiwa amepakata mchele wa Madibira tuliokuletea, mimi nilikuwa nachagua kitu cha kuuza.

Kwenu Uyole, pale Mbeya, kulikuwa na baridi. Dada Lugano alitupokea mlangoni akatunong'oneza, "Anasema neno moja tu. Maji. Msishtuke, na msimletee maji kila akisema, tumeshajaribu."

Ulikuwa barazani umefunikwa blanketi, mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Maji," ulisema.

"Ndiyo marahaba yake hiyo," alisema Dada Lugano.

Mama aliinama akakusalimia, kisha akaomba aonyeshwe jikoni, nikajua anaenda kulia huko. Mimi nikavuta kigoda. Ukungu ulikuwa bado haujapanda, migomba ya jirani ilionekana nusu. Nikasogea karibu sana, nikasema, "Mwalimu, leo nauza ukungu wa Uyole. Hauingii kapuni. Nani ananunua?"

Uligeuza kichwa. Mkono wako wa kushoto uliinuka, ukagonga mkono wa kiti, mara moja, kama dasta. Dada Lugano alisimama pale alipokuwa.

"Maji," ulisema. Halafu ukavuta pumzi. "Maji maji. Maji, maji maji maji. Maji."

Uliweka kituo. Ulikuwa na sauti iliyopanda katikati na kushuka mwishoni, kama ulivyotufundisha kusoma. Ilikuwa sentensi nzima, Mwalimu. Ulikuwa umetoa dau juu ya ukungu, na ulinitazama ukingoja niseme limeshinda au la. Baraza lote lilikuwa kimya. Kwa kanuni yako, dau lililonyamazisha limeshinda. Lakini sikujua umesema nini.

Ukarudia, kwa nguvu zaidi, kituo palepale, mshuko palepale. Ukarudia tena. Nikasema, "Mara ya kwanza," nikakwama. Uliona kwamba sijasikia. Uso wako ulibadilika kwanza, kisha ukapiga kiti kwa hasira, na kikombe kilichokuwa pembeni kikaanguka.

"Inatosha, mdogo wangu," alisema Dada Lugano. "Unamchosha."

Nimeitafuta sentensi ile tangu siku hiyo. Nimeandika nyingi juu ya ukungu nikihesabu vituo, nikijaribu kupata inayopanda na kushuka kama yako. Najua hata nikiipata sitakuwa na wa kunithibitishia. Ilikuwa kichwani mwako nzima, imekamilika, labda ndiyo nzuri kuliko zote zilizowahi kutolewa, na ilipotoka ilitoka ikiwa maji.

Kisha nikakuandikia ile barua, na yaliyotokea umeyajua wewe. Wiki iliyopita Dada Lugano alipiga tena kupitia simu ya matroni. Kiharusi kimerudi. Sasa husemi hata lile neno moja. Nilipomuuliza daktari anasemaje, alisema daktari amewaambia wasikae wakisubiri.

Hapa shuleni Kiswahili kinaendelea. Tunakariri tanzu za fasihi simulizi na vipera vyake, na sifa za kila kipera, na nazijua zote, napata alama nzuri. Mwalimu wetu si mtu mbaya. Ana madarasa mengi na mtihani uko mbele. Akinisimamisha nisome kwa sauti, sauti haitoki, husema, "Kaa, asome mwingine," na kwa haraka ile hawezi kusema kitu kingine. Muhula huu nilijaribu mnada bwenini, Jumapili, nikawaeleza wenzangu wanne kanuni zote. Walisikiliza kwa adabu. Mmoja akauliza, "Inatoka kwenye mtihani?" Nikasema haitoki. "Basi tutafanya tukimaliza shule," alisema, na hakuwa na nia ya kunikejeli. Hakuna aliyesogea.

Yohana nilimwona nyumbani ile likizo ya mwezi wa sita. Yuko Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, amekuwa mrefu, anakohoa. Nikamuuliza kama anaikumbuka kengele. Alicheka, akanipiga bega. "Huko tunauza kinachoshikika, dada. Tena kikishikika vizuri." Akanunua soda mbili, akanipa moja, tukanywa, akaenda zake. Kabula na familia yao walihama na ng'ombe wao kuelekea kusini. Hakuna anayejua walikofika. Wakati mwingine namfikiria amesimama mahali fulani asubuhi, Kiswahili chake sasa kimenyooka, na hana mtu wa kumwuzia chochote.

Naona nimekosea kudhani ulitupa kitu cha kudumu. Ulitupa Ijumaa. Ulikuwa wewe, na kapu, na watoto waliosogea, na vyote vitatu havipo. Natamani ningeweza kuandika hapa kwamba mbegu zimebaki, kama watu wanavyoandika kwenye kadi za mahafali. Nimejitazama, sizioni.

Ila siwezi kuaga bila kufungua mnada mara moja, kwa kuwa ndiyo kazi pekee uliyonipa.

Leo nauza sauti ya Mwalimu akiita mahudhurio. Kwa wengine wote ilikuwa juu. Ikifika kwenye jina langu ilishuka, ikawa ndogo kama yangu, ili "nipo" yangu isionekane ndogo. Darasa halikugundua. Mimi niligundua na sikuwahi kukwambia. Hiyo ndiyo bidhaa. Haiingii kapuni.

Mara ya kwanza. Wanaoijua wameshaondoka.

Mara ya pili. Kisichopata mnunuzi kinarudi kwa mwenyewe, lakini mwenyewe nimekatazwa kumwandikia, na hata ingemfika hana tena pa kuiweka. Mimi ningeinunua kwa sentensi zote nilizonazo. Lakini mimi ni mnadi, na mnadi hanunui. Nimesimama nayo mbele ya darasa tupu, na dasta sina.

Kwaheri, Mwalimu. Ndaga.

Ni mimi, mwanafunzi wako, mnadi asiye na betri,

Rehema