Mjukuu Wangu Anaongea Kitaliano, Wakwe Wamenuna

Mshauri mpendwa, msaada nauomba kwako, lakini usinikatize kabla sijafika mwisho, maana hapa nyumbani kila mtu ananikatiza. Mimi ni Bi Rukiya, mzaliwa wa Malindi, naishi Karama hapa Dubai na mwanangu Wahid na mkewe, na naandika mwenyewe kwa simu, shule niliiacha mapema, basi ukikuta kosa liruke.

Nina mjukuu, Ikhlas, binti wa Wahid, anasoma chuo hapa hapa Dubai, na mwaka jana, 2015, chuo chao kikachagua wanafunzi wa kwenda Firenze kule Italia muhula mzima kusoma lugha na sanaa na mila za Wataliano, na yeye akachaguliwa, na babake akasema hapana, na mimi nikasema ndiyo, na akaenda. Yule mtoto kaondoka hajui neno, la kwanza alilojifunza ni kuuliza kama chakula kina nguruwe, na aliporudi anakiongea Kitaliano mpaka mikono nayo inaongea. Amesomea zile picha zinazochorwa ukutani chokaa ikiwa bado mbichi, ambazo ukichelewa kidogo rangi haishiki tena, na mtihani wa mwisho akasimama na mtandio wake kichwani mbele ya walimu Wataliano watupu, akawaeleza picha ya ukuta wao kwa lugha yao, na akatoka wa kwanza darasa zima. Video ninayo. Hata yule Mhindi Mmalayali wa bakala, duka la hapa chini, ameiona, na aliposema ana wateja nikamngoja wamalize, nikamwonyesha tena.

Sasa ikaja posa. Kijana anaitwa Fawaz, yuko Naif, huko Deira, na babake Sheikhan, wanapakia mizigo ya kwenda Mombasa, kijana mzuri, sina neno naye, na Ikhlas mwenyewe anamtaka, kaniambia. Wakaja kwetu, mbele yuko mamake, Bi Hilwa, naye ni wa Malindi, namjua tangu yu msichana. Tuko kwenye chai na kaimati, simu ya Ikhlas ikalia, ni mwalimu wake wa Firenze, mtoto akasogea dirishani akaongea Kitaliano chake huku anacheka, kumbe anaambiwa amekubaliwa kurudi muhula mwingine. Bi Hilwa akaweka kikombe chini.

Akasema, "Kitaliano kinamtoka hivyo? Sisi watu wa Malindi tunajua wasichana wanakisomea wapi."

Umeelewa, mshauri? Malindi Wataliano wamejaa, na msichana akisikika anakijua Kitaliano watu husema kakiokota ufuoni kwa wazee wa kizungu. Hayo ndiyo aliyomwambia mjukuu wangu, mbele ya mchumba.

Nikamjibu, "Hilwa mwanangu, na wewe ulikisomea wapi hata ukakitambua? Mbona mke wa Wahid hapa alidhani ni Kifaransa?"

Sheikhan, mumewe mwenyewe, akacheka, akajidai anakohoa. Maana Bi Hilwa kabla hajaolewa alifua mashuka kwenye hoteli ya Wataliano, Malindi nzima inajua, na maneno yaliyosemwa inayajua. Akainuka. "Yalla Fawaz, twende." Fawaz akainuka, wakaenda zao. Mshauri, nilishinda, sikufichi, na zile kaimati nilizimaliza peke yangu kwa raha.

Ila kesho yake akatuma ujumbe. Posa ipo, lakini mimi niende Deira nimwombe radhi, na Ikhlas asirudi Firenze, na hicho Kitaliano asikiseme tena mbele za watu. Wahid ananiambia, "Mama, khalas, kubali, umeshaharibu ya kutosha." Ikhlas hanilaumu, na hilo ndilo linaloniuma. Ananiambia tu, "Bibi, Fawaz namtaka na Firenze naitaka," kisha anakwenda kuosha vyombo. Mimi tangu nije Dubai sijamwomba mtu radhi. Nikienda nitakuwa nimemtoa mtoto masomoni kwa mkono wangu, nisipokwenda nimemvunjia ndoa kwa ulimi wangu. Niambie la kufanya, na uniambie vizuri, mimi ni mkubwa wako.

Bi Rukiya, Karama

*

Shikamoo, Bi Rukiya. Ukubwa wako nauheshimu, na kwa heshima hiyo hiyo naomba ukae chini, maana umekosea.

Hongera ya mjukuu nakupa kwa mikono miwili. Binti aliyekwenda nchi ya watu hajui hata kuagiza chakula, akarudi amewashinda wenyewe kwa lugha yao, hana cha kuficha wala cha kunong'ona. Na wewe ndiye uliyesema ndiyo babake aliposema hapana. Hilo ni lako, hakuna wa kukunyang'anya.

Sasa zile kaimati ulizokula kwa raha. Bi Hilwa alimrushia mtoto uchafu, na wewe ukauokota ule ule ukamrushia yeye. Tena ulijua pa kumpiga. Yule mama alifua mashuka kwa jasho lake, watu wakamzulia, na wewe ulikuwako Malindi ukisikia. Ulimtetea siku hizo? Hukuniandikia. Hilwa hana ugomvi na Kiitaliano, bibi yangu. Anayaogopa yale maneno yasije yakamfuata mpaka nyumbani kwa mwanawe. Amekosea kuyamwaga juu ya Ikhlas, lakini ulipaswa kuwa wa kwanza kuelewa yanatoka wapi.

Basi nenda Deira. Usimchukue Wahid, atakubali kila kitu kabla hamjavua viatu. Mwambie Bi Hilwa hivi: kazi yako ilikuwa ya halali, nami nilikudhalilisha kwayo, nisamehe. Ukishasema, nyamaza. Najua nyamaza hiyo itakuwasha kooni. Nyamaza hivyo hivyo.

Radhi ya Kiitaliano usiombe, hata nusu. Akiyataja masharti yake, mwambie masomo si yako kuyatoa, wala si ya Wahid, mwenyewe yupo na ana mdomo.

Tena hebu isome upya barua yako. Amesema mama mkwe, amesema mwanao, umesema wewe mno, baba wa kijana amekohoa. Fawaz hajasema neno. Kijana anayeambiwa yalla akainuka, bado hatujui sauti yake ikoje. Muwaweke yeye na Ikhlas sebuleni, nyinyi mkae chumba cha pili, mlango wazi, na wewe usichungulie. Ikhlas amuulize mwenyewe kama atamngoja arudi kutoka Firenze. Akikubali, masomo yawe sharti la nikahi, litamkwe mbele ya kadhi na mashahidi, na Bi Hilwa awepo asikie. Dini imempa bibi harusi nafasi hiyo, asiwepo wa kumwita fedhuli. Fawaz akikataa, rudisheni posa kwa adabu na mkae kimya. Ikhlas atalia, muacheni alie, halafu apande ndege. Mume anayeona haya kwa jambo ambalo mkewe anastahili kupigiwa makofi, heri ajulikane leo kabla ya walima.

Umeona basi, Bi Rukiya, kwa vyovyote vile mtoto anakwenda. Na siku ya kumsindikiza sitaki nisikie umelia. Piga vigelegele hapo hapo uwanja wa ndege, mpaka mkagua pasi ainue kichwa, na akiuliza kuna nini, mwambie ukweli, mjukuu wako anakwenda kusoma.

Shangazi Saleha