Nyati wa Mama Wasiuzwe

Basra, mwezi wa Agosti, umeme haupo

Kwa ndugu yangu mkubwa na mheshimiwa, Hattab,

Salamu za heshima zikufikie wewe, shemeji Fadhila na watoto, na Mwenyezi Mungu awajalieni maji kabla ya yote, kwa kuwa najua huko kwenu afya bila maji ni neno tu. Sisi huku tu wazima. Nimeliandika neno hilo baada ya kutafakari, maana wiki hii nusura nilifute.

Ujumbe wako kwa dereva wa lori la samaki umenifikia: kwamba maji ya ziwa yamegeuka chumvi, matete yamekauka yakiwa wima, na mchinjaji atakuja Ijumaa kuwachukua nyati wote, wakiwemo wawili wa mama, Warda na Sabha, ili mpate nauli na kodi ya kuhamia mjini. Naomba kwa unyenyekevu uusitishe uuzaji huo. Sababu nitazieleza kwa mpangilio.

Kwanza uijue hali ya huku. Nyumba yangu ya saruji hulinywa jua mchana kutwa na kulitapika usiku. Umeme ukikatika, kiyoyozi hubaki pambo la ukutani. Mama, tuliyemtoa kwenu ili aokoke na joto, hukaa sakafuni akiuliza upepo wa mjini wameufungia wapi, kwa sababu nyumba ya matete angalau huupitisha.

Mtaa wa pili anakaa kontrakta mmoja, Bwana Rafid, mwenye jumba, jenereta, na sebule ya wageni yenye baridi hata vioo vya madirisha hutoka jasho. Jumapili adhuhuri nilirudi kutoka kwenye meza yangu ya kuandikia watu maombi mbele ya mahakama, nikakuta mkeka wa mama mtupu. Nilimtafuta kila pembe. Nikampata, kaka, katika sebule ya Bwana Rafid! Amevua viatu, amekunja miguu juu ya kochi la mahameli, ameagiza kahawa, tena anamlalamikia mtumishi kwamba iliki haitoshi. Aliona nyumba ina chumba cha wageni, akaingia kama tunavyoingia kwetu, ambako chumba hicho hakina mlango na mtu haulizwi jina kabla hajanywa. Bwana Rafid alicheka mbele ya rafiki zake, akaniambia, “Ustadhi, mchukue bibi yako wa nyati kabla hajatuletea zizi zima!” Niliomba radhi kwa maneno ninayoyatumia kwa mahakimu. Njiani nikamweleza mama kwamba mjini mtu hungoja kualikwa. Akanijibu, “Chasib mwanangu, na hili jua nani kalialika?”

Jumanne ndipo mambo yalipoharibika. Mtoto mchanga wa jirani yetu Kauthar alikuwa mwekundu kama kaa, hanyonyi, halii. Baba yake alikuwa amekimbia kutafuta gari la hospitali, harudi. Mama alimvika mtoto kitambaa kilicholoweshwa maji, akamshika Kauthar mkono, wakaenda moja kwa moja jumbani. Mlinzi, mtu aitwaye Mutashar, alikuwa ameamriwa asimfungulie mama tena. Nami nilikuwa nyuma yao nikimsihi arudi, nikitaja utaratibu.

Kaka, mama alivua shela yake akaitupa mbele ya lango. Nilizitazama mvi za mama yetu, wazi, katikati ya barabara. Akapaza sauti ile ambayo mimi na wewe tuliisikia mara moja tu utotoni: “Wanaume mmekwisha? Mgeni kafungiwa lango!”

Wapita njia walidhani amechanganyikiwa. Mutashar hakudhani hivyo. Kumbe naye ni mtu wa maziwani kama sisi, anajua kwamba mama akiitupa shela yake chini, mwanamume hana ruhusa ya kumkatalia. Nyati wake walikufa mwaka wa ukame. Aliiokota shela, akaibusu, akamfunika mama kichwa, kisha akalifungua lango bila kutazama nyuma. Ndani ya sebule ile mtoto alifumbua macho, na kabla ya alasiri akanyonya. Bwana Rafid alimfukuza mlinzi palepale: “Nenda kalinde matete yako!”

Sasa nafika penye neno lililo zito kuliko yote. Jioni Mutashar alifika kwangu na mkewe na furushi lao, hawana pa kulala. Nilikuwa bado natafuta sentensi ya kumpokelea. Mama akanitangulia, akasema mbele ya Kauthar, mumewe na majirani wote, “Lango umelifungua kwa shela yangu, na riziki yako imekatika kwa ajili yangu. Warda na Sabha ni wako.” Nilimnong'oneza kwamba hao ndio kodi ya Hattab. Akanikata: “Kwani nimetoa wa Hattab? Nimetoa wangu.” Nimewaandikia watu maombi ya kutengua hukumu za kila namna, lakini hii sikujua pa kuanzia. Wala sikutaka.

Kwa hiyo mtu anayekukabidhi barua hii ndiye Mutashar, mwenye nyati. Anasema upo mkono wa mto, kaskazini ya kwenu, ambao maji yake bado ni matamu, na yuko tayari mswage nyati wote pamoja. Katika ujumbe huohuo uliniomba ushauri, mjini au maziwani. Wiki iliyopita ningekujibu kwa kurasa tatu. Leo najua tu kwamba chumba changu kimoja ni chenu mkija, na kwamba nimeung'oa mlango wake.

Mama anawasalimu wote. Yuko kwa Kauthar, anampepea mtoto. Anaagiza umwambie Mutashar kwamba Warda hatoi maziwa asipoimbiwa, na wimbo wake unaujua wewe. Umfundishe.

Wako mtiifu, nduguyo mdogo,
Chasib