Mama, Nimewaambia Shabani Hayuko Durban

Mama yangu,

Leo ni Jumatatu. Nimewahi kurudi kutoka kazini Midrand, nimekaa kwenye kile kiti chako cha dirishani ulichokataa nikitupe, na nimeamua kukuandikia. Siandiki barua ili niifungie kabatini. Nataka barua hii isomwe na watu, hasa wa kwetu wenye mtoto gerezani ambaye majirani wanaambiwa yuko safarini. Najua ungenikataza. Ungesema, "Zaina, ya nyumbani yabaki nyumbani." Yamebaki nyumbani miaka kumi na mitatu, mama, na Alhamisi hii Shabani anarudishwa mbele ya jaji kwa mara ya pili.

Siku ya hukumu ya kwanza ulivaa buibui la Eid ulilolipiga pasi mara mbili, ukaniuliza kama kwa jaji mtu anaingia na viatu. Tulikaa benchi ya nyuma. Yule Mhabeshi mwenye duka la Soweto alikaa mbele yetu, jicho moja limefunikwa pamba. Ulitaka uende umpe pole, nikakushika mkono wa buibui. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Jaji alisoma kwa Kiingereza nami nikawa nakunong'onezea. Alisema hii ni mara ya tatu mtu huyu anavamia duka akiwa na kisu. Alisema daktari wa akili amemchunguza na haoni dalili ya majuto. Akasema anamtangaza kuwa mhalifu hatari, na kwamba atakaa gerezani kwa muda usiojulikana.

"Miaka mingapi?" ukaniuliza.

"Hajasema."

"Umesikia vibaya. Muulize wakili."

Tulimngoja wakili nje. Akatueleza kwa upole, faili chini ya kwapa. Alisema hakuna idadi. Baada ya miaka minane ataletwa tena mahakamani, waangalie kama bado ni hatari.

"Na wakiona bado?" ukauliza, nami nikatafsiri.

"Anarudi ndani. Wanapanga tarehe nyingine."

"Na hiyo nyingine ikifika?"

Wakili akaangalia saa yake.

Kwenye basi la kurudi hukulia. Ulisema tu, "Mtu wa kifungo cha miaka ishirini, mama yake anajua. Atasema nitamwona nikiwa na umri fulani, au atasema sitamwona. Huyu wangu nimsubirije?" Kisha ukaanza kuangalia maghorofa ya Braamfontein kana kwamba ndiyo kwanza umefika jijini, wewe uliyefika na mimi nikiwa na miaka tisa, ukamzaa Shabani hapa hapa, ukamlea peke yako baba yake alipotuacha. Mimi ulinifundisha kusuka ukili. Yeye ulimsemesha Kiswahili, akakujibu Kizulu, mkaelewana hivyo hivyo.

Wiki iliyofuata Bi Mwanaisha wa fleti ya pili alikuuliza kijana yuko wapi, mbona kimya. Nilikuwa jikoni, nikakusikia ukijibu bila hata kuvuta pumzi: "Yuko Durban. Amepata kazi bandarini."

Nilidhani yataishia hapo. Lakini Ramadhani ilipokaribia ulikwenda Fordsburg ukanunua tende, ukazifungua, ukazipanga kwenye makopo mengine, ukawapelekea wanawake wa chama chetu cha kuzikana. "Shabani ametuma." Mwaka wa pili ukafanya tena. Mwaka wa tatu Bi Mwanaisha akaanza kuziulizia mwenyewe kuanzia mwezi wa Shaabani, akisema tende za Durban zina utamu wake. Ulikuwa unacheka naye, nami nilikuwa nakuangalia mikono.

Ukweli ulikuwa kila mwezi mara moja, kwenye foleni ya gereza. Ulibeba mkate wa kumimina ndani ya taulo. Askari wa getini alikukatalia kila mara, na kila mara uliondoka nao nyumbani ukiwa na matumaini. Kisha uliukata vipande kwa uzi, ukawagawia wanawake wa foleni, na wale wa Soweto walikujua kwa jina. Mmoja alikuuliza mwanao ana miaka mingapi ya kifungo. Ulimwambia, "Wangu hawakumpimia." Pale foleni hukuwahi kusema uongo.

Miaka minane ilipokaribia, alikuja yule mwanamke wa sweta ya kijani. Alikuwa afisa wa ustawi, ametumwa kuandika ripoti ya mahakama: familia ikoje, majirani wakoje, mtu akitoka atapokelewa na nani. Alikuja bila sare. Hatukuwepo, mimi kazini, wewe hospitali kwa ajili ya presha. Akagonga kwa Bi Mwanaisha, akamuuliza kwa sauti ya chini kama anamfahamu Shabani, ana tabia gani, na hali ya mama yake ikoje.

Sasa kwetu mtu akija namna ile, mpole, mgeni, anaulizia tabia ya kijana na huku macho yanakagua korido, jirani hahitaji kuambiwa. Ni watu wa mposo. Wametumwa kuchunguza kabla ya kuleta barua au kuipokea. Na jirani mwema anajua kazi yake.

Jioni Bi Mwanaisha alikuja kwetu anang'ara. Ulimtilia chai.

"Bibi harusi wa Kizulu, lakini si neno, atasilimu," alisema. "Nimewasafishia njia. Nimemwambia kijana anaswali safu ya mbele. Yuko bandarini Durban, anamtunza mama yake, kila mwaka tende. Nimemwambia Eid iliyopita alikula pilau kwangu, sahani mbili."

"Eid iliyopita?" nikamuuliza.

"Wee Zaina, nyamaza. Kwenye mposo mtu anaongezea chumvi."

Ulicheka, mama. Ulimshukuru, ukamsindikiza mpaka mlangoni kwake. Uliporudi ukakaa kitandani na viatu vyako.

"Yule mwanamke alikuwa nani?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Wa gereza."

Nikasema kesho nipige simu ofisini kwake nieleze. Ukasema subiri. Nikasema basi nimwambie Bi Mwanaisha apige yeye. "Nitamwambiaje Mwanaisha leo," ukasema, "baada ya tende zote zile?"

Sikupiga simu. Naliandika hili wazi kwa sababu nilikuwa mtu mzima mwenye simu mkononi, na nikatii aibu yako kwa sababu ilikuwa yangu pia.

Ripoti ilisomwa mahakamani. Haikuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililonitisha. Ilisema familia inaficha. Ilisema jirani amefundishwa la kusema, kwa kuwa amedai kumlisha mtu ambaye siku hiyo alikuwa amefungiwa. Ilisema mahali ambapo hakuna anayekiri kilichotokea, hakuna atakayemwangalia aliyekifanya. Jaji, ambaye hakuwa yule wa kwanza, akathibitisha kifungo. Arudishwe baada ya miaka mitano. Shabani aligeuka akatutafuta kwa macho, na wewe ukainua mkono kidogo, kama mtu anayesimamisha teksi halafu akaghairi.

Hukufika kwenye miaka hiyo mitano. Mwaka jana uliondoka, Ijumaa kabla ya adhuhuri, ukiwa umeshatia udhu. Wanawake wa chama walikuosha vizuri, nilikuwepo. Gereza halikumruhusu Shabani kuja kukuzika. Na pale sebuleni, watu wamejaa mikekani, Bi Mwanaisha akauliza mbele ya wote, "Shabani yuko wapi? Durban si Ulaya."

"Amekosa usafiri," nikasema.

"Amekosa usafiri wa kumzika mama yake."

Nilisikia mtu akisonya. Ndipo nilipoona mahali tulipomfikisha, mama. Tulitaka wasimjue kama mwizi mwenye kisu, tukawatengenezea mtu aliyekataa kumzika mama yake. Sijui ni yupi ungemchagua.

Nilikwenda kumpa taarifa mwenyewe. Amenenepa, nywele zimeanza mvi pembeni, na yule kijana uliyekuwa ukimkatia kucha kila Alhamisi mpaka ana miaka kumi na miwili hayupo tena kwenye mikono ile. Nilimwambia. Akainamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka nikadhani amelala. Kisha akauliza kwa Kizulu, taratibu:

"Chumba cha mama analala nani?"

"Salma," nikasema. Binti yangu, mjukuu wako, ana miaka kumi na miwili sasa.

"Mwambie asikizoee."

Hakusema kwa hasira. Labda alikuwa anasema tu kwamba anarudi nyumbani. Nimejaribu kuisikia hivyo. Lakini nimesafiri nayo sentensi ile kwenye basi mara nyingi, na kila mara inaniangalia vibaya. Wanasema huwezi kujua mtu wa aina hii amebadilika mpaka utakapomfungulia, na huwezi kumfungulia mpaka ujue amebadilika. Naye amekaa humo ndani akijua hivyo. Miaka kumi na mitatu bila siku ya kuihesabia. Sijui ingenifanya nini mimi, ambaye sikuwahi kushika kisu ila cha kitunguu.

Mwezi uliopita nilipata barua kwamba ripoti mpya inaandikwa. Nikasema safari hii hawatukuti na Durban. Jumamosi moja, wanawake wa chama walipokutana kwetu kupanga zamu za kupika, nikawaomba wanisikilize. Nikawaambia yote. Duka la Soweto, jicho la yule mtu, mara tatu, muda usiojulikana. Nilimaliza.

Bi Mwanaisha ndiye aliyezungumza kwanza. "Kwa hiyo zile tende."

"Za Fordsburg, Bi Mwanaisha."

"Za dukani kwa yule mzee wa kona?"

"Ndiyo."

"Nami nikasema hazina mfano." Akacheka, na wengine wakacheka, nami nikacheka na machozi. Nilidhani basi, tumevuka. Kisha akaacha kucheka. Akavuta mtandio wake, akaniuliza kama mtu anayeuliza bei ya nyanya, "Akitoka anakuja kukaa wapi?"

"Hapa. Hana pengine. Ndiyo maana wanatuuliza."

"Kwenye korido yetu."

"Ndiyo."

Unajua kwamba mume wake ana spaza, duka dogo la mtaani, huko Soweto. Unajua analala humo humo siku tatu kwa wiki, nyuma ya nondo. Kisha akasema, "Mwanangu, nakupenda, na mama yako nilimwosha kwa mikono hii. Yule mwanamke akija, sitamdanganya tena. Nitamwambia ninavyojua. Na ninachojua sasa ni kwamba simtaki hapa."

Hakuna aliyempinga. Waliaga mmoja mmoja, kwa heshima. Tangu siku hiyo mlango wa Bi Mwanaisha, uliokuwa wazi mchana kutwa, unafungwa kwa funguo mbili. Nazisikia zikizunguka nikipita. Mama, uongo wako ulimweka ndani miaka mitano. Ukweli wangu huenda ukamweka zaidi.

Afisa alikuja Jumatano iliyofuata. Si yule wa zamani. Huyu ni kijana wa kiume, nadhifu, anaandika kwa mkono. Akaanzia kwa majirani, akamalizia kwangu. Alikagua chumba chako, akaangalia madaftari ya Salma kitandani, akakaa kwenye stuli, akakataa chai.

"Unajua alichofanya kaka yako?"

Nikamwambia bila kupunguza, mpaka na jicho. Akaandika.

"Ulikuwa unadanganya kuhusu mahali alipo?"

"Ndiyo. Mimi na mama yangu."

Akaandika. Akaniuliza kama niko tayari Shabani alale hapa, nisaini kwamba hii ndiyo anwani yake. Nikasema ndiyo, nikasaini. Nilikuona kabisa, mama, siku ile nilipokuahidi hospitalini kwamba nitampokea. Nikamrudishia kalamu yake nikidhani tumemaliza.

Akauliza, "Unamwogopa?"

Ningeweza kusema hapana. Ni neno fupi, na wewe ungelisema kabla hajamaliza kuuliza. Lakini nilikuwa nimetoka kuwaambia watu wote wa korido kwamba katika nyumba hii hatudanganyi tena, na Salma alikuwa amesimama mlangoni na begi la shule, anangoja kusikia.

Nikasema, "Ndiyo."

Akaandika na hilo. Hakuandika sana, kama mstari mmoja. Akapiga mstari chini yake, akafunga faili, akanishukuru kwa kuwa mkweli.

Alhamisi saa tatu asubuhi watamtoa Shabani chini kwenye mahabusu ya mahakama, na ripoti itasomwa kwa sauti. Jana nilikwenda kumwona, nikakaa naye saa nzima, tukaongea habari zako. Aliniuliza, "Dada, umesaini?" Nikamwambia nimesaini. Akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu ufe. Yale mengine sikumwambia. Atayasikia hapo, kutoka kwa mtu asiyemjua, mimi nikiwa nimekaa nyuma yake.

Nisamehe kama unaweza, na umwombee pia, kwa kuwa mimi nimeshindwa kujua niombe lipi. Pumzika salama, mama yangu.

Binti yako,
dada yake Shabani